Mtandao na Wenzake: Uhakiki wa Istilahi za Intaneti

Miongoni mwa istilahi ambazo Kiswahili kimezipata katika miaka thelathini iliyopita, ni chache zilizoenea upesi kama neno mtandao. Hutamkwa redioni, huandikwa katika nyaraka za Serikali, na husemwa sokoni na watu ambao hawajapata kuketi mbele ya kompyuta. Kwa kawaida uenezi wa namna hii huhesabiwa kuwa ni ushindi, na wakuza lugha huupokea kwa furaha. Sisi tunaoandika kutoka Mlali, wilayani Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, tunalo jambo la kusema juu ya ushindi huo. Maoni yetu ni kwamba neno hili limeenea kwa kupoteza mipaka yake, na kwamba hasara ya upotevu huo haiwapati wataalamu wa istilahi, bali humpata mwananchi.

Na tuchukue mfano ambao kila msomaji ataufahamu. Mtu ametoka kijijini mapema, amefika mahali pa kulipia ada fulani, na anajibiwa, "Mtandao hakuna, rudi kesho." Je, ameambiwa nini? Yawezekana kwamba minara ya simu haishiki. Yawezekana kwamba minara inashika lakini laini ya intaneti ya ofisi imekatika, au muda wake umekwisha bila kulipiwa. Yawezekana kwamba intaneti ipo, ila mfumo wa malipo wenyewe haupokei. Tena yawezekana kwamba hakuna lililoharibika isipokuwa umeme. Haya ni mambo manne, na kila moja lina mwenyewe, lina dawa yake, na lina muda wake wa kutengenezwa. Lakini neno lililotumika ni moja, nalo halina mwenyewe. Huku kwetu, ambako mvua ni haba, jibu hilo husikika kama habari ya mvua: haikunyesha, basi; hakuna wa kuulizwa.

Hapa ndipo tunapoona kwamba kazi ya istilahi si ya pambo. Istilahi isiyotenga mambo humnyima mtu uwezo wa kuuliza swali.

Mzizi wa matatizo

Ili kulifahamu kosa, yafaa kwanza tuvifahamu vitu vyenyewe. Intaneti ni kongwe kuliko watu wengi wanavyodhani. Tarehe 1 Januari 1983 kompyuta zilizounganishwa katika ARPANET, mtandao wa Marekani uliogharimiwa na wizara ya ulinzi ya nchi hiyo, zilianza kutumia kanuni moja ya kupelekeana habari, na kanuni hiyo ndiyo inayoziunganisha kompyuta za dunia nzima hata leo. Kitu cha pili ni kichanga zaidi. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha CERN karibu na Geneva, alipendekeza njia ya kuziunganisha nyaraka ili msomaji aweze kutoka waraka mmoja na kuingia mwingine. Njia hiyo ilifunguliwa kwa watu wa nje mwaka 1991, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba kila mtu anaruhusiwa kuitumia bila malipo.

Basi cha kwanza ni barabara, na cha pili ni moja ya mizigo ipitayo juu ya barabara hiyo. Barua pepe ilikuwa ikisafiri katika barabara hiyo kabla mzigo huu wa pili haujakuwapo. Kiingereza kiliviita vitu hivi viwili kwa majina mawili: cha kwanza kwa jina la wavu, cha pili kwa jina la utando wa buibui.

Kiswahili nacho kilipata majina mawili, mtandao na wavuti. Lakini tukiyatazama kwa makini tutaona kwamba majina hayo yamepishana njiani. Mtandao hutokana na kutandaa, ambalo ni pacha wa kutanda: mawingu hutanda, maziwa yaliyopoa hufanya utando, na buibui naye hutanda utando wake. Kwa hiyo mzizi wa utando wa buibui tumekipa kile ambacho Waingereza walikiita wavu. Wavuti kwa upande wake lina wavu ndani yake waziwazi, nalo tumekipa kile walichokiita utando. Hatusemi kwamba lugha yetu imefungwa na tamathali za Waingereza. Berners-Lee mwenyewe, kabla ya kuchagua jina la utando mwaka 1990, katika pendekezo lake alitumia jina lenye maana ya matundu ya wavu, hivyo wavuti yetu inakaribia wazo lake la kwanza. Tunachosema ni kwamba mfasiri anayetegemea mzizi ili akumbuke neno lipi ni la kitu kipi atapotea, na mwalimu anayeeleza kwa mzizi atapotea pamoja na darasa lake.

Kupishana huko peke yake kungeweza kuvumilika, maana mazoea huponya mengi. Lakini liliongezeka jambo la pili: wavuti lilipata jirani mwenye sauti kama yake, yaani tovuti. Wavuti ni jumla ya kurasa zote zilizounganishwa duniani. Tovuti ni makazi ya mwenyeji mmoja ndani ya jumla hiyo, iwe wizara, chuo au gazeti. Tofauti ya maana ni kubwa kama ile ya nchi na nyumba, ilhali tofauti ya sauti ni silabi moja ya mwanzo. Tovuti ndilo lililoshinda. Tukilikagua kwa vipimo vya kawaida vya istilahi, tungelikataa, kwa kuwa msikilizaji hapati ndani yake mzizi wowote wa kumwongoza. Hata hivyo limeishi, kwa sababu ni fupi, linakubali upatanisho bila ubishi, na matangazo mengi ya Serikali humalizika kwa kumwambia mwananchi atembelee tovuti ya wizara au taasisi. Wavuti halikupata bahati ya kutangazwa hivyo. Limebaki katika kamusi na katika tafsiri za wachache, na kazi yake imechukuliwa na mtandao, ambao tayari ulikuwa umeelemewa.

Kivinjari na bahari iliyo mbali

Chombo ambacho kwacho tunasoma kurasa za wavuti kimeitwa kivinjari. Neno hili ni la ufundi mzuri. Kuvinjari ni kuzunguka huku na huko kwa kuangalia, kama chombo cha doria baharini. Waingereza nao walitazama baharini: programu ya Netscape ya mwaka 1994 ilibeba jina la nahodha aongozaye chombo. Mtu wa Pemba au Lamu huenda akaliona jambo hilo mara moja. Lakini Mlali iko mamia ya kilomita kutoka pwani, na kwa wakazi wake wengi Kiswahili ni lugha ya shule na ofisi, baada ya Cigogo au Kikaguru. Kitenzi kuvinjari hakimo katika maisha yao, na kwa sababu hiyo kivinjari kwao ni jina tupu, sawa na lolote la kigeni. Hatushauri liondolewe. Tunashauri kwamba kitabu cha mwalimu kisilitaje bila kukieleza kitenzi chake.

Lilinganisheni na jozi ya pakia na pakua. Hayo nayo ni maneno ya chomboni: shehena hupakiwa na hupakuliwa. Lakini kupakua kuna maisha mengine jikoni, na jiko liko kila mahali. Mama apakuapo ugali wa uwele, hutoa chunguni na kuweka sahanini. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kule kuliko na kompyuta kubwa ndiko chunguni, na kwamba simu yake ndiyo sahani, amekwisha kuelewa upande gani ni kupakua na upande gani ni kupakia. Tamathali hii ina kasoro moja ambayo mwalimu hana budi kuitaja: chungu cha jikoni hupungua, lakini faili linalopakuliwa hubaki lilipokuwa, na kinachokuja ni nakala. Pamoja na kasoro hiyo, hatuoni katika uwanja huu istilahi iliyofaulu kuliko jozi hii, na sababu yake ni kwamba haikuhitaji kusafirishwa. Ilikuwa imekwisha kufika.

Injini isiyo injini

Tunakuja kwenye vifaa vya kutafutia, ambavyo twaona vimehudumiwa vibaya kuliko vyote. Historia yake ni fupi. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados, alitengeneza Archie, kifaa cha kutafutia majina ya mafaili yaliyokuwa yametawanyika katika kompyuta mbalimbali. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Minnesota kikatoa Gopher, iliyopanga habari kwa orodha. Baada ya wavuti kukua zikafuata Yahoo mwaka 1994, AltaVista mwaka 1995 na Google mwaka 1998.

Wafasiri wetu wengi wameandika injini ya utafutaji. Ni tafsiri ya neno kwa neno, na injini katika Kiswahili ina maana yake: ni kile kinachounguruma ndani ya gari au nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Msomaji hupewa picha ya kitu chenye nguvu ambacho, mara aulizapo, huanza kukimbia duniani kote kumtafutia jibu. Kumbe sivyo kifanyavyo kazi. Programu maalumu hupita mapema katika kurasa, zikifuata kiungo kimoja hadi kingine na kukusanya maneno yaliyomo. Maneno hayo hupangwa katika orodha kubwa inayoonyesha lipi limo katika kurasa zipi. Mtu aulizapo, kinachosomwa ni orodha hiyo iliyokwisha kutengenezwa. Kisha majibu hupangwa kwa utaratibu uliowekwa na mwenye kifaa. Ukurasa usiopitiwa hauonekani, hata kama upo.

Orodha ya namna hiyo Kiswahili kina jina lake, nalo ni faharasa. Kila mwalimu aliyefungua kurasa za mwisho za kitabu cha marejeo anaijua. Kwa hiyo tunapendekeza kifaa chenyewe kiitwe kitafutio, kwa kawaida ileile ya unyambulishaji iliyotupa kifutio cha ubaoni, na kwamba maelezo yake yaanze na neno faharasa. Faida si ya sarufi tu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba injini imemtafutia jibu huliamini jibu la kwanza kama ukweli uliochimbuliwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba amesomewa faharasa ya mtu atauliza ni nani aliyeitengeneza, ameweka nini juu, na ameacha nini nje. Kwa shule isiyo na maktaba ya kutosha, ambako simu ya mwalimu ndiyo maktaba, tofauti hiyo ni kubwa.

Jinsi istilahi zinavyopata uhai

Pengine tutaambiwa kwamba kazi hii imekwisha kufanywa, na kweli juhudi hazikukosekana. Mradi wa Kamusi ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, ukaiweka kamusi ya Kiswahili katika intaneti wakati ambapo lugha nyingi kubwa hazikuwa na kitu kama hicho. Wikipedia ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyosema Kiswahili. Na mwaka 2005 Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake za ofisi. Wafasiri wa kazi hizi walifanya jambo la heshima. Hifadhi, nakili, kata na bandika ni amri fupi, zinazotumia vitenzi ambavyo watu walikuwa navyo tayari.

Hata hivyo ofisi nyingi ziliendelea kutumia programu za Kiingereza. Maneno yalikuwapo, lakini hapakuwa na mahali yalipohitajiwa. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali husoma mambo ya TEHAMA kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza huanza upya kwa Kiingereza, na mafunzo ya kazini humkuta katika lugha hiyo hiyo. Istilahi isiyo na mtihani, fomu wala tangazo la kuibeba hukaa kitabuni.

Ulinganifu wa upande wa pili upo, na ni wa karibuni. Kishikwambi lilikuwa neno la watu wachache mpaka Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, ambayo makarani wake waliingia kila kaya wakiwa na kifaa hicho mkononi. Kisha vifaa hivyo vikagawiwa kwa walimu, na neno likabaki shuleni. Kikokotoo lilikuwa jina la chombo cha hesabu. Kanuni za mafao ya wastaafu zilipozusha mjadala mwaka 2018, na tena mwaka 2022, neno hilo likaingia kila nyumba ya mtumishi wa umma kwa maana mpya. Hakuna kamati iliyolihimiza. Neno lilishika kwa kuwa lilimgusa mtu katika haki yake.

Wilaya ya Kongwa ina ushahidi wa zamani unaofaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilileta matrekta na mitambo ya kung'oa miti ili kulima karanga kwa eneo kubwa. Mitambo ilikuwa na nguvu, lakini ardhi ya Kongwa hukauka na kuwa ngumu kama sakafu, mchanga wake hula vyuma, na mvua haingoji ratiba ya ofisi. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kutumia pauni zipatazo milioni 36. Istilahi pia ni mtambo. Inayotungwa mezani bila kujaribiwa katika udongo itakakotumika, hata ikiwa ya kisayansi namna gani, itatelekezwa.

Yaliyo hatarini

Kuna wanaosema kwamba lugha ni ya watu, na kwamba watu wamekwisha kuamua kuita kila kitu mtandao. Hoja hiyo haitoshi. Kwanza, watu wenyewe hutofautisha zaidi ya ofisi: wengi husema netiweki wakitaja mawimbi ya simu, na mtandao wakitaja mengineyo. Wakopaji hao hawastahili kudharauliwa, maana wamefanya kazi tuliyoiacha sisi. Pili, neno limekwisha kuingia mahali ambapo utata una adhabu. Sheria ya mwaka 2015 inajulikana kwa Kiswahili kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao. Lakini miongoni mwa makosa yaliyomo ni kuingia bila idhini katika mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine, kosa ambalo laweza kutendwa katika kompyuta isiyounganishwa na kitu chochote. Mwananchi anayelisikia jina la sheria hiyo hawezi kukisia kwamba nayo inamhusu hapo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama nchini. Hakimu, karani na mshtakiwa wataliandika neno hili katika kumbukumbu, na kila mmoja aweza kuwa na maana yake.

Mapendekezo

Kwa hayo yote tunapendekeza kwamba Baraza lisitunge maneno mapya, bali liyawekee mipaka yaliyopo. Intaneti iwe ni njia ya dunia nzima inayounganisha kompyuta kwa kanuni moja ya mawasiliano. Wavuti iwe ni jumla ya kurasa zilizounganishwa kwa viungo na kusomwa kwa kivinjari. Tovuti iwe ni kurasa za mwenyeji mmoja ndani ya wavuti. Seva iwe ni kompyuta inayohifadhi na kutoa kile kinachoombwa na kompyuta nyingine. Mfumo uwe ni programu ya shughuli maalumu, kama ya malipo, mishahara au usajili. Mtandao wa simu uwe ni minara na mawimbi yake. Neno mtandao likiwa peke yake libaki kuwa jina la jamii, kama vile mti lilivyo jina la mbuyu na la mkwaju.

Pili, tunapendekeza kanuni moja ya kiofisi. Tangazo lolote la kusimama kwa huduma lisiandikwe kwa neno mtandao peke yake. Liandikwe: Laini ya intaneti ya ofisi hii imekatika tangu saa tatu asubuhi, au: Mfumo wa malipo haupokei, na mwenye mfumo amekwisha kuarifiwa. Sentensi kama hizo hazigharimu fedha, na zinamwachia mwananchi kitu cha kuuliza.

Tatu, kila orodha ya istilahi za TEHAMA ijaribiwe bara kabla ya kusanifiwa, katika madarasa na ofisi za kata ambako Kiswahili ni lugha ya pili. Swali la kumwuliza msikilizaji lisiwe kama neno linampendeza. Aulizwe: ukiambiwa kwamba kitu hiki kimeharibika, utamwendea nani?

Wasomaji wetu wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali hawana haja ya kungoja kikao ili waanze. Anayeandaa tangazo kesho asubuhi anaweza kuchagua neno lililo sahihi, na anayefundisha anaweza kutenga ubaoni mambo sita yaliyotajwa hapa juu. Tunawaomba walio katika wilaya nyingine watuandikie jinsi maneno haya yanavyosemwa na kueleweka kwao, ili orodha itakayofikishwa Barazani iwe imepita mikononi mwa wale watakaoitumia.